Sifongo Mwenye Namba Arobaini na Saba

Saa mbili na robo asubuhi, Yuliana, mkaanga vitumbua wa Manzese, alimkuta sifongo, kiumbe wa baharini mwenye matundu anyonyaye maji, kwenye benchi la kliniki ya saratani, ndani ya beseni la bluu, na karatasi ya namba arobaini na saba. Sifongo alikuwa ametoka baharini, akapanda basi la mwendokasi Kivukoni. Yuliana alikuwa wa arobaini na nane. Akasogeza beseni, akakaa.

"Dada, maji yangu yananyausha uvimbe," sifongo alisema. "Ila daktari anipime kwanza. Nikikamuliwa ovyo, naua."

Titi la kushoto la Yuliana lilikuwa na uvimbe. Dokta Noela wa kliniki hiyo alidondosha tone moja la maji ya sifongo kwenye kinyama kilichokatwa humo kwa vipimo, seli mbaya zikafa zote kabla chai yake haijapoa. Lakini dawa isiyosajiliwa haiingii wodini, na wagonjwa na dawa husajiliwa dirisha moja, kwa Cyprian, karani mwenye kinundu kwenye kidole gumba.

"Barua ya serikali ya mtaa?" Cyprian aliuliza.

"Natoka baharini," sifongo akajibu.

"Ndiyo, mtaa gani?"

Yuliana akampeleka sifongo nyumbani kwake, akamweka kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Mjumbe wa mtaa, mzee Mwinshehe, akaandika kwamba sifongo ni mkazi wake, mtulivu, hana kesi.

Cyprian akasema muhuri umefunika tarehe. Wiki iliyofuata, picha za pasipoti za sifongo zilikuwa na mandhari nyeupe, yeye alitaka bluu. Uvimbe ukafika kwapani. Yuliana alilia kwa hasira palepale dirishani, akaambiwa asizibe njia.

Safari ya saba walisubiri tangu asubuhi. Saa nane mchana sifongo alikuwa amekauka, amekufa, namba yake haijaitwa. Cyprian alitoka, akasema masikini, akakata kipande kwa mkasi. Kilichobaki mfagizi alipigia deki.

Jumatatu Yuliana alirudi. Cyprian alikuwa ameloweka kile kipande kwenye kifuniko cha chupa, analowesha kidole ili afunue makaratasi vizuri. Kinundu hakikuwepo.

"Kaka, kidole chako kimepona."

"Eeh, kweli." Akakitazama, akakilowesha, akafunua. "Faili lako silioni, mama. Njoo Alhamisi."

"Basi naomba hicho kipande nimpelekee Dokta Noela."

Cyprian akavuta kifuniko upande wake.

"Hiki hakitoki, mama. Kimeshasajiliwa. Vifaa vya ofisi."