Ufunguo na Rula

Wifi yangu alikabidhiwa ufunguo wa ubao wa matangazo Jumatatu saa mbili asubuhi, mimi nikiwa bado nimeshika ufagio.

"Mama, hujafukuzwa," Katibu wa baraza la mji aliniambia. "Umepunguziwa mzigo tu. Usafi na chai vinakutosha. Mwenzako amemaliza kidato cha nne, kompyuta anaijua, na matangazo sasa yanachapwa humu humu ofisini."

"Sawa, mheshimiwa," nikasema.

Ufunguo ule nilikuwa nauvaa shingoni kwa uzi wa bluu. Uzi aliufunga marehemu mume wangu, aliyekuwa tarishi wa baraza mpaka alipofariki. Nilirithi kazi yake ya ubao, nikaishika miaka tisa. Na wifi ndiye dada yake, kitinda mimba, aliyeajiriwa pale mwezi mmoja tu uliopita.

"Wifi, mbona unautoa kama unang'olewa jino?" akasema huku amekinga kiganja. "Huo ni ufunguo wa ubao, si wa peponi."

Katibu akacheka. Mlinzi wa getini, aliyekuwa ameingia kufuata chai yake, naye akacheka. Nami nikacheka, kicheko cha meno tu, moyoni hakikufika. Wifi alicheka kuliko wote, na kicheko chake ni cha kaka yake vilevile: kinaanzia puani, kinakwama kidogo, halafu kinafunguka. Nikajiambia, kicheko amekipata kwa damu, sina la kusema. Ufunguo je?

Mtu akipita njiani hawezi kuuona ubao ule kuwa kitu. Ni sanduku jembamba la mbao, limepigiliwa ukutani kulia kwa mlango, lina kioo mbele na kufuli pembeni. Lakini hakuna jambo linalopita kwenye kikao cha madiwani bila kupita kwanza pale. Kufunga njia, kuhamisha jalala, kubadili saa za soko, yote lazima yatangazwe siku ishirini na moja bila tangazo kuondolewa. Likiondolewa hata kwa muda wa kunywa chai, hesabu inarudi moja. Sheria hiyo ilitungwa zamani, baada ya mjanja mmoja kulitoa tangazo siku ya pili na kulirudisha siku ya ishirini, watu wakajikuta wamehamishiwa jalala mlangoni. Mume wangu alinifundisha hayo kabla sijajua hata kulifungua kufuli. Kila asubuhi alikuwa anachora mstari mmoja wa penseli pembeni mwa karatasi. Nami nikafuata hivyo hivyo. Watu wakaniita Mama Pini, na jina likanikaa.

Sasa, mji wetu uko pwani, na chumvi ya bahari haina adabu. Kila juma inatanda kwenye kioo nje na ndani mpaka maandishi hayasomeki. Nje unafuta tu. Ndani ndiko kwenye kazi, maana ukikifungua kioo chote upepo wa bahari unang'oa karatasi, na ukikifungua kidogo hapapiti mkono. Mume wangu alikuwa na rula ndefu ya mbao. Anaizungushia kitambaa chenye maji kidogo, anafungua kioo upenyo tu, anaipitisha taratibu toka juu mpaka chini. Kioo kinang'aa na hakuna pini iliyoguswa.

Nilimwonyesha wifi pini za shaba, zisizoshika kutu. Nilimwonyesha jinsi kufuli linavyotaka kuinuliwa kwanza ndipo ufunguo uzunguke. Nilimwambia habari ya siku ishirini na moja. Ile ya "bila kuondolewa" sikuitaja. Na rula nikaiacha nyuma ya kabati la vikombe. Nilijiambia hajauliza.

Siku ya pili tu uzi wa bluu haukuwapo. Ufunguo umefungwa utepe mwekundu.

"Ule ulikuwa umechakaa, wifi," akaniambia. "Nimeuweka kwenye droo, usiseme nimeutupa."

"Fanya unavyoona," nikasema.

Watu waliokuwa wakiniuliza mimi, "Mama Pini, leo kuna nini?" wakahamia kwake. Alichapa matangazo kwa herufi kubwa hata wazee wakayasoma bila miwani. Akaweka kitambaa cha kijani nyuma ya karatasi. Katibu akasimama mbele ya ubao, mikono mfukoni, akasema, "Hapa sasa pamekuwa ofisi." Kwa hiyo miaka tisa palikuwa nini, banda la kuku? Nilimwaga maji ya deki karibu na viatu vyake, basi.

Mimi ni mtu wa sala. Nikisali nawataja watu wangu mmoja mmoja, walio hai na waliotangulia. Majuma yale nilipofika kwenye jina la wifi nikawa naliruka, kama mtu anavyoruka dimbwi. Nilijua ninachofanya. Kijiba cha roho kikishakaa hakiombi kiti.

Ndipo likaja tangazo la njia ya chekechea.

Njia hiyo ndiyo ninayokaa mimi. Malori ya mchanga yanaikatiza kutwa kwa sababu ni fupi, na ukuta wa shule ya watoto umepata ufa unaoingia vidole viwili. Nyumba yangu ni ya tatu baada ya shule. Lori likipita, vikombe vinagongana kabatini. Tuliomba miaka miwili malori yakatazwe. Hatimaye madiwani wakakubali lipigiwe kura, na wifi akalibandika tangazo Jumatatu. Siku ya ishirini na moja ingeangukia Jumapili ya tatu, na kikao kilipangwa Jumanne yake. Mistari ya penseli hakuichora, alikuwa na kalenda yake ya mezani. Mimi niliihesabu kichwani.

Ijumaa, siku ya kumi na tisa, nilikuwa dirishani namimina chai ya Katibu. Nikamwona wifi anatoka na ndoo, sabuni na gazeti kuukuu. Kioo kilikuwa kimefifia sana, kwa kweli alikuwa amevumilia. Akainua kufuli kama nilivyomfundisha. Akakifungua kioo chote mpaka kikagusa ukuta. Akaweka vidole kwenye pini ya kwanza.

Dirisha lilikuwa wazi. Kati yangu na yeye hapakuwa na hatua kumi. Neno moja lingetosha: wifi, subiri.

Nilimwona anaitoa pini ya kwanza, anaibana mdomoni. Ya pili. Ya tatu. Chai ikafurika kwenye kisahani, ikanimwagikia mkononi, nami nikawa bado namtazama. Alikusanya karatasi zote, akaingia nazo ndani, akazilaza mezani kwake kwa heshima kabisa, akaziwekea kikombe juu zisipeperuke. Alisugua kile kioo ndani na nje huku anaimba. Ilipita karibu saa nzima ndipo akazirudisha.

"Wifi, njoo uone," akaniita. "Unaweza kujitazama ukachana nywele."

Nikaenda nikajitazama. Niliuona uso wangu umetulia kama wa mtu anayetoka kwenye ibada. "Kimeng'aa," nikamwambia.

Jumanne ukumbi ulijaa. Walimu wa chekechea walikuja, na majirani zangu karibu wote. Mimi nilikaa kwenye kiti changu cha pembeni, karibu na chupa za chai. Wifi alikaa nyuma ya Katibu na daftari mapajani, utepe mwekundu umening'inia mkononi kama bangili.

Lilipofika jambo la njia, akasimama diwani mmoja mnene ambaye shemeji yake ndiye mwenye malori. Alianza kwa upole.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, sina neno na watoto. Watoto ni wetu sote. Nauliza jambo dogo la utaratibu. Tangazo lilikaa siku zake?"

"Lilikaa," Katibu akajibu. "Mwenye ufunguo yupo."

Wifi akasimama. "Lilikaa siku zote ishirini na moja, mheshimiwa."

"Bila kuondolewa?"

Wifi hakusita. Huo ndio uungwana wake, na kaka yake alikuwa hivyo hivyo. "Nililitoa Ijumaa kidogo, nisafishe kioo. Nikalirudisha palepale."

Yule diwani akakaa. Hakuwa na haja ya kuongeza. Nyuma yangu jirani yangu alitoa pumzi kama tairi. Mwenyekiti akafungua kitabu cha kanuni, akasoma kimoyomoyo, akakifunga.

"Hesabu inaanza upya," akasema. "Jambo hili litarudi tangazo litakapotimiza siku zake. Twende mbele."

"Miaka miwili," mwalimu mmoja akasema kwa sauti ya kusikika. "Miaka miwili tunasubiri, anakuja mtu kuosha kioo."

Wifi alibaki amesimama. Daftari lilianguka, hakuliokota. Katibu, ambaye juma lile lile alikuwa akimsifu, akamgeukia mbele ya ukumbi mzima.

"Ufunguo," akasema. "Utoe. Kumbe kidato cha nne si kitu. Mama Pini ameushika miaka tisa, hakuwahi kutuaibisha hata siku moja. Mama, njoo uchukue ufunguo wako."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimetaka. Hata kwenye sala nilikuwa nimetaka, ingawa sikutamka. Nikainuka, nikapita katikati ya viti, watu wananipisha na kunipigapiga begani. Wifi akanikabidhi ufunguo kwa mikono miwili.

"Ni haki," akasema, akiwatazama wao, si mimi. "Kosa ni langu peke yangu. Wifi yangu asingefanya hivi, na angejua angenikataza. Huyu amenilea tangu nina miaka kumi."

Na ni kweli. Nimemlea. Nguo yake ya kwanza ya sekondari niliishona mimi.

Ufunguo ulikuwa na joto la kiganja chake. Nilitamani kuufumba mkononi nirudi kwenye chupa zangu za chai, na Mungu anajua miguu ilikwisha kugeuka.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nikasema. Sikuwahi kusema ndani ya ukumbi ule ila karibu chai. "Nilimwona."

"Ulimwona nani, mama?"

"Wifi. Ijumaa. Nilikuwa dirishani, nikamwona anaigusa pini ya kwanza. Sheria ya kutoondoa naijua, sikumwambia siku ya kumkabidhi ufunguo na sikumwambia siku hiyo. Na kuna rula ya kufutia kioo bila kutoa karatasi. Nimeificha nyuma ya vikombe."

Katibu akavua miwani.

"Kwa nini, mama?"

Ningesema nilisahau, wangenihurumia, mjane mwenye umri wangu. "Nilimwonea wivu," nikasema.

Jirani yangu yule wa pumzi za tairi akasema taratibu, "Na wewe unakaa njia hiyo hiyo." Hilo halikuwa swali.

Katibu alinyoosha mkono nikamrudishia ufunguo. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akamwita mlinzi wa getini akampa. Kikao kikaendelea na jambo la taa za barabarani.

Wifi alikaa siku sita bila kunisemesha. Salamu alinipa, maana alilelewa, lakini ya juu juu, ile ya mtu na mwenye duka. Nilimwekea rula mezani kwake, akaihamishia dirishani. Nyumbani vikombe viligongana kutwa. Lori la kwanza hupita saa kumi na mbili na nusu, na kila moja nililiona limepita kwa ruhusa yangu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na kweli hakuna aliyeniambia. Kwenye sala nililirudisha jina lake. Kwanza lilikuwa la mwisho kabisa, siku hizi limesogea katikati.

Siku ya saba nilimkuta amesimama mbele ya ubao, amekunja mikono. Nikasimama pembeni, si karibu sana. Tangu kesho yake ya kikao mlinzi alikuwa ametundika tangazo jipya la njia ya chekechea upande upande, kwa pini mbili tu, na kioo alikuwa anakifuta kwa mkono wa shati.

"Nje tu anafuta," wifi akasema, kama anayesema na kioo.

"Ndani haoni," nikasema.

"Na pini ni za chuma. Kesho kutwa zitashika kutu."

"Zitashika."

Akanigeukia. "Sasa ile rula, unaanzia juu au chini?"

"Juu. Ukianzia chini maji yanakurudia kwenye karatasi."

Kikamtoka kile kicheko cha puani. Hakikufunguka, kilikwama palepale, lakini nilikisikia. "Na ungekaa nayo mpaka kaburini, wifi," akasema, akaingia ndani.

Kesho yake nilikwenda mapema na chaki. Kwa kuwa ufunguo hatuna, nilitaka nichore mistari ya siku kwenye fremu ya mbao, nje, mahali mlinzi asipogusa, ili safari hii isipotee hata moja. Nilipofika nikakuta mistari minane imekwisha kuchorwa, imenyooka, ya chaki nyekundu kama ule utepe wake.

Nilisimama pale na chaki yangu nyeupe, moyo ukanichoma vilevile kama siku ya ufunguo. Nikairudisha chaki mfukoni, nikaenda kuteka maji ya deki. Siku iliyofuata nilifika geti halijafunguliwa, chaki mkononi.