Daftari la Shangazi

Siku ya tatu tangu Chiriku aondoke nyumbani, mama yake alipita chumba kwa chumba akichomoa nyaya. Runinga, kompyuta ya mezani, ile spika ya sebuleni inayojifanya ina akili, vyote vikalala. Kisha akamgeukia mumewe, mwokaji mikate, aliyekuwa ametoka tu kazini, unga bado uko masikioni.

"Baba Chiriku, zima intaneti kwenye simu yako."

"Na mtoto akipiga?"

"Simu yenyewe iache wazi, atapiga kawaida. Nataka nyumba inyamaze. Atakayemuuliza Shangazi chochote sasa hivi, awe ni yeye."

Mumewe alizima bila kubisha, na hilo peke yake lilionyesha walikofika, maana bwana yule hakuwahi kukubali neno la mkewe bila kulizungusha mara tatu. Walikuwa wamekwenda polisi, wakaambiwa msichana wa miaka ishirini si mtoto, warudi wiki ijayo. Hospitali tatu walikuwa wamezipita. Chumba cha maiti baba aliingia peke yake, akatoka amejikunja kama aliyepigwa ngumi ya tumbo, akasema, "Hayumo." Simu ya Chiriku ilikuwa haipatikani tangu asubuhi ile alipoacha kitanda kimetandikwa vizuri.

Shangazi hakuwa mtu. Alikuwa kisanduku cheusi kinachoenea kiganjani, kimekaa juu ya kabati la vyombo, na taa moja ya kijani inayopepesa kila kinapoulizwa. Mama wa nyumba ndiye aliyekitengeneza. Alikuwa fundi wa mitambo katika kampuni ya intaneti, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Kazi hiyo ilimfundisha jambo ambalo wateja hawalijui: simu, kabla ya kufungua ukurasa wowote, huuliza kwanza ukurasa huo unakaa wapi, na anayejibu swali hilo huweza kuliandika. Siku moja aliwakuta wenzake ofisini wakisoma maswali ya wateja na kucheka mpaka machozi. Huyu anatafuta dawa ya upara, yule anatafuta mke wa pili. Alirudi nyumbani amefura kwa hasira, akaapa familia yake haitakuwa kichekesho cha mtu. Ndipo akaunda kisanduku cha kujibu maswali hapohapo nyumbani, na pale kinapolazimika kuuliza nje, kiulize kwa msimbo ambao kampuni haiwezi kuusoma. Hata mtu akiwa safarini, simu yake iliuliza nyumbani kwa njia hiyohiyo iliyofungwa.

Chiriku ndiye aliyekipa jina. "Si kinajua kila mtu anakaa wapi? Basi huyo ni Shangazi."

"Lakini Shangazi huyu hana mdomo," mama yake alimwambia. "Haandiki kitu. Uliza unachotaka, mwanangu, hata mimi sitajua."

Hapo alidanganya. Mwanzoni haukuwa uongo hasa. Fundi yeyote akifunga mtambo mpya huacha daftari la ndani ya mtambo likiandika kila swali kwa wiki moja, aone kama mambo yanakwenda sawa. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa miaka miwili. Wenzake wakisoma magazeti asubuhi, yeye alikunywa chai akisoma maswali ya mumewe na bintiye. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, alijiambia, na mzazi anayejua mapema ndiye anayewahi. Maneno matamu hayo, na aliyameza pamoja na chai.

Kisha rafiki yake Chiriku wa chuoni akafa. Chiriku, binti aliyekuwa akiongea mpaka majirani wakafunga madirisha, akawa kimya, anakula vijiko viwili, anarudi chumbani. Siku moja daftarini likatokea jina la ukurasa wa watu wanaopokea simu za waliochoka kuishi. Likatokea mara moja, halafu mara tano, halafu kila siku mchana.

Mama mwenye busara angefunga mdomo, akashukuru kwamba mtoto amepata wa kusema naye. Fundi hakuwa na busara siku hiyo, alikuwa na hofu tu. Mezani, mbele ya baba, akasema huku anapakua, "Mtu akichoka na maisha aseme na mama yake, si na watu wa kwenye simu."

Chiriku aliweka kijiko chini. Hakulia wala hakugomba. Alimtazama mama yake, kisha akainua macho akatazama juu ya kabati la vyombo, akakaa akitazama huko.

"Kumbe," alisema.

Kesho yake jina la wale watu halikuonekana tena daftarini. Hakuna hata jina moja aliloliuliza Chiriku lililoonekana. Alikuwa ameielekeza simu yake kwa mjibuji mwingine wa mbali, kwa msimbo, vilevile kama mama yake alivyomfundisha. Siku nne baadaye akaondoka.

Sasa mumewe alisimama mlangoni mwa jiko, anafikicha unga vidoleni. "Nyumba imenyamaza. Lakini si ulisema Shangazi haandiki?"

Fundi aliifungua kompyuta yake ndogo, akaiunga na kisanduku kwa waya, orodha ikashuka: tarehe, saa, majina, ukurasa baada ya ukurasa.

"Na yangu yamo?"

"Yamo."

"Yote?"

"Yote, Baba Chiriku. Hata ya dawa ya upara."

Mumewe alijipapasa kichwa bila kujua, kisha mkono ukaanguka. Haya ilimpita haraka, akabaki na jambo lenyewe. "Kwa hiyo ulijua. Ulijua mtoto anawapigia wale watu, ukamwumbua mezani kama mwizi wa sukari."

"Nilijua."

"Alikuwa na mahali pamoja pa kushika, ukamwonyesha kwamba napo umemkalia. Sasa akijifanyia jambo..."

Hakumaliza. Fundi alimalizia moyoni: akijifanyia jambo, nimemwua mimi. Maneno hayo alikuwa nayo kwa siku tatu, analala nayo, anaamka nayo. Alikaa kwenye kigoda, macho kwenye skrini, akingoja simu ya mtoto imrudie Shangazi. Hakuna aliyeuliza kitu. Saa tatu ya usiku ikapita, saa tatu na nusu ikapita. Mumewe alizunguka jikoni mpaka akaudhi, akakaa, akasimama tena.

Saa nne na dakika kumi na mbili, mstari mmoja ukaingia. Ulitoka kwenye simu ya Chiriku, na jina lililoulizwa halikuwa la ukurasa wowote duniani.

mama-niko-hai

Fundi alitoa sauti ambayo hakuijua. Mumewe akaja mbio, akasoma, akasoma tena kwa kidole.

"Ni yeye! Ni yeye, siyo?"

"Ni yeye. Ameirudisha simu yake kwa Shangazi, akauliza jina lisilokuwapo, ili liandikwe. Alijua nitasoma."

Mwokaji mikate akaegemea kabati, akacheka, akalia, vyombo vikatikisika. Mstari wa pili ukaingia.

niko-kwa-watu-wa-simu

Hayo yalikuwa maneno ya Fundi mwenyewe ya mezani, amerudishiwa. Furaha ikamchoma Fundi kama maji ya moto. Kama angeishika ahadi yake, salamu hii isingemfikia. Mtoto alitafuta njia ya kumtuliza mama, akaona iliyo ya uhakika kuliko zote ni uongo wa mama.

"Unaweza kujua yuko wapi?" mumewe aliuliza.

Aliweza. Angebonyeza mstari mmoja tu, ingefunguka namba ya mahali ulikotoka. Angempigia mwenzake aliye zamu kazini, naye kwa namba hiyo angepata mtaa na nyumba.

"Dakika tano," alisema.

"Basi fanya! Unangoja nini? Navaa viatu nikamchukue mwanangu."

Mstari wa tatu ukaingia.

zima-daftari

Walitazamana. Mumewe ndiye aliyeanza kutikisa kichwa. "Usizime. Ukizima hatutajua lolote tena."

"Hatutajua."

"Na yeye hatajua kama umezima au hukuzima. Atajuaje? Soma tu kimya kimya mpaka arudi."

Ni kweli, hatajua. Hakuna atakayejua. Fundi aliivunja ahadi mahali pasipo shahidi, na sasa anaombwa aitimize mahali palepale. Mkono wake ulikuwa juu ya kipanya, kidole kimeelekea kwenye namba.

Mumewe alipiga magoti sakafuni, mtu mzima yule. "Mama Chiriku, nakuomba. Siku tatu namtafuta, nimefunua shuka za maiti. Nipe hiyo nyumba tu, nikamwone kwa mbali."

"Nikimfuata na huko," alisema Fundi, "atakimbilia wapi tena?"

Akazima daftari. Kisha, kabla moyo haujamgeuka, akafuta yote, miaka miwili, na ile mistari mitatu ya leo, ambayo angetoa mkono wake apate kubaki nayo. Akachomoa waya, akafunga kompyuta.

Mumewe aliinuka, akamgeuzia mgongo, akaweka paji la uso ukutani. Nyumba ilikuwa kimya kabisa.

Juu ya kabati la vyombo taa ya kijani ikapepesa. Ikatulia, ikapepesa mara mbili upesi, ikatulia.

Mumewe aligeuka. "Kuna kitu umesahau kuchomoa?"

"Hakuna. Ni yeye."

Wakasogea wote wawili, wakasimama chini ya kabati, vichwa juu. Taa ikapepesa tena.

"Anauliza nini?"

"Sijui."

Mumewe akamtazama usoni kwa makini, maana neno hilo amelisikia kwake kwa miaka miwili.

"Haki ya Mungu, Baba Chiriku," alisema Fundi, na machozi yakamshuka. "Sijui."