Keki Chini ya Kitambaa Cheupe

Judica alizunguka soko la Bukoba mara tatu, na mara zote tatu yai lilikuwa mia tano. Mwezi uliopita lilikuwa mia tatu. Lakini leo ni tarehe ishirini na tatu Desemba, na wauza mayai wote walikuwa wamekubaliana bei kama watu wa ukoo mmoja. Naye alihitaji sita tu.

"Mia tano ni ya yai au ya kuku mzima?" alimuuliza Burhani, muuzaji wa kona ya mwisho.

"Sikukuu hiyo, dada. Hata kuku wanajua."

"Na yale uliyoyatenga pembeni?"

"Yale yamepata ufa."

"Kwani mimi nataka vifaranga?"

Burhani akacheka, na muuzaji akishacheka ujue bei imeanza kulegea. Akampa sita kwa elfu moja. Judica akatoa kikapuni kopo lenye mfuniko alilotoka nalo nyumbani, akayapasulia yote humo humo, maana tangu asubuhi alijua anatafuta nini. Unga akanunua wa kupima, siagi robo, sukari nusu kilo. Zabibu kavu alizitazama, akauliza bei, akaziacha zilipo. Ganda la chungwa lingetosha.

Alikuwa na elfu thelathini ya sikukuu, na nauli ya kwenda Muleba na kurudi imo humo humo. Mwijage, mumewe, ndiye aliyeituma kutoka kisiwani Goziba anakonunua dagaa. Alisema kwa simu kwamba boti la kumtoa huko halipo mpaka tarehe ishirini na nane, na kwamba asiitapanye hela. Asiitapanye! Judica alikata simu akiwa na majibu manne mdomoni.

Sasa utauliza, mtu mwenye elfu thelathini anahangaika na keki ya nini? Wali na nyama havitoshi? Ngoja nikwambie.

Krismasi iliyopita walifika Muleba kwa mama mkwe saa sita mchana, kama walivyozoea kufika kila mwaka, ibada imekwisha. Felicitas, wifi yake anayeishi Mwanza, alikuwa ameleta keki ya dukani ndani ya boksi, na alikuwa ameshaikata na kuigawa kwa kuhesabu vichwa. Annastella, binti wa Judica, alikuwa na miaka sita. Aliambiwa imeisha. Baadaye Judica alimkuta nyuma ya jiko, kwenye migomba, analamba boksi. Mtoto hakuwa analia, na hilo ndilo lililomuuma mama yake kuliko yote. Alimfuta mdomo akamwambia, "Mwaka kesho keki itakuwa ya mama yako, na kisu utakishika wewe." Mtoto hasahau maneno kama hayo. Tangu mwezi wa tisa Annastella alikuwa anauliza kisu chenyewe kitakuwa kipi.

Basi jioni ile, nje ya chumba chake cha kupanga Kashai, Judica akamwaga mchanga kwenye sufuria kubwa, akatumbukiza sufuria ndogo yenye mchanganyiko, akafunika, akapanga mkaa juu ya mfuniko. Kazi iliyobaki ilikuwa kukaa na kusubiri, na hiyo ndiyo kazi asiyoiweza. Akakaa, akainuka. Akapunguza mkaa, akaurudisha. Akafunua kidogo tu, aone.

"Ukifunua hilo sufuria tena nakuita mgambo," alisema jirani yake Consolata, aliyekuwa anachambua maharage kizingitini. "Keki inataka kuachwa, mama. Iache."

Ilipotoka ilikuwa imeumuka vizuri, isipokuwa juu palikuwa pameungua kidogo. Akapakwangua kwa kisu, akaipindua. Nani atatazama chini?

Tarehe ishirini na nne wakafika Muleba jua halijazama, kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Safari hii hakuna wa kuwaambia imeisha. Keki ilikuwa ndani ya kikapu, imefunikwa kitambaa cheupe alichokitarizi mwenyewe, kimenyooshwa kwa pasi. Sebuleni kulikuwa na watoto tisa na sisimizi wasiohesabika, kwa hiyo akatafuta mahali salama. Kando ya mlango palikuwa na meza ndogo yenye mkungu wa ndizi na bakuli la senene, wale panzi wa kuliwa, waliokaangwa. Akaweka kikapu hapo, akaenda kusalimia.

Hakuna aliyemwambia kitu, kwa sababu hakuna aliyeona kuna kitu cha kusema. Katika nyumba ile, miaka nenda miaka rudi, kilichowekwa kando ya mlango siku ya mkesha ni sadaka ya kesho. Mtu aliyezoea kufika saa sita mchana angejuaje?

Asubuhi ya Krismasi Judica alikuwa nyuma, anamenya ndizi, wakati mama mkwe, Ma Kokuhirwa, alipotangulia kanisani na wenzake wa umoja wa wanawake. Judica alipoingia ndani kuvaa, meza ilikuwa tupu. Akachungulia chini ya meza. Akachungulia chini ya vitanda, vyote. Akafungua kabati la vyombo, akalifunga, akalifungua tena.

"Unatafuta nini, wifi?" Felicitas akauliza, hereni moja mkononi.

"Keki yangu."

"Keki gani? Keki si hii hapa," akasema, akagonga boksi lake kwa ukucha.

Judica alimtazama, na moyoni akamhukumu hapo hapo bila shahidi. Njia nzima ya kanisani alitembea mbele ya wote, Annastella anakimbia kumfuata.

Wenye sadaka za vitu walipoitwa mbele, ndipo akakiona kitambaa chake. Ma Kokuhirwa alikuwa amekishika kikapu kwa mikono miwili, anatembea taratibu, uso umejaa fahari.

Annastella akavuta gauni la mama yake. "Mama, keki yetu inaenda wapi?"

"Nyamaza."

"Lakini inaenda."

Ikaenda. Ikawekwa madhabahuni kati ya kuku na maparachichi, na kitu kikishafika pale huwezi kukifuata ukasema samahani, kulikuwa na makosa. Ni cha Mungu. Ukikitaka, unakinunua mnadani nje baada ya ibada, kama mtu mwingine yeyote. Judica aliimba wimbo mzima uliofuata bila kusikia hata neno moja. Aliona uchungu, aliona aibu, na zaidi ya yote alijiona mjinga.

Mnada uliendeshwa na Isaac, mzee wa kanisa mwenye sauti kubwa na utani usiokwisha. Mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha. Mkungu wa ndizi ukauzwa. Kuku watatu wakauzwa, na wote watatu walionunua wakasema wanampa mchungaji, kama ilivyo desturi, maana hapo mnunuzi huulizwa anampa nani. Judica alisimama nyuma kabisa ya miamvuli, mguu huu mguu ule. Mkononi alikuwa na elfu kumi na mbili: saba za nauli ya kurudi, tano za kuishi mpaka Mwijage atoke kisiwani.

Isaac akainua kitambaa cheupe, akanusa. "Keki. Imepikwa nyumbani hii, wala haijaona boksi. Elfu tatu nani?"

Judica akainua mkono.

"Tatu, mama wa kitenge cha njano huko nyuma. Mbele hapa, tano. Nyuma, sita. Mbele, saba."

Huyo wa mbele hakuonekana kwa wingi wa miamvuli, lakini Judica alikuwa ameshamchukia. Alimuona kabisa kichwani mwake: mwenye duka, ana kitambi, watoto wake wameshiba.

"Nane nyuma. Tisa mbele. Kumi nyuma. Leo kuna watu wana njaa ya keki, jamani. Kumi na moja mbele."

Annastella alikuwa ameng'ang'ania gauni lake kwa mikono yote miwili. Judica akafikiria nauli, akafikiria kutembea kwa miguu mpaka Bukoba na mtoto mgongoni, akainua mkono.

"Kumi na mbili nyuma! Mbele? Kumi na tano mbele."

Basi. Hana tena. Lakini hakukubali kushindwa na mtu asiyemjua sura, akajipenyeza katikati ya watu, akikanyaga viatu vya sikukuu, mpaka akafika mbele.

Kwenye benchi la kwanza alikaa Ma Kokuhirwa, anafungua fundo kwenye pindo la kitenge chake, hela za mauzo ya kahawa zimekunjwa ndogo ndogo. Hakuwa amegeuka nyuma hata mara moja. Anaona ni utovu wa adabu. Alikuwa anamwambia jirani yake, "Waitu, ndugu yangu, keki ya mkwe wangu haitoki kwenye ukoo huu. Ameileta kwa Mungu bila kuambiwa na mtu. Yule wa nyuma akipanda, na mimi napanda."

"Mama wa njano," Isaac akasema, "kumi na sita?"

Judica akatikisa kichwa.

"Imeuzwa. Mama, unampa nani?"

"Mchungaji," watu wakaanza kusema. "Mchungaji huyo."

Ma Kokuhirwa akasimama polepole. "Mchungaji ana kuku watatu tayari, anisamehe. Hii nampa mjukuu wangu, mtoto wa aliyeipika." Akamwita Annastella, akamkabidhi kikapu. Kisha akatazama watu. "Na huyo aliyekuwa ananipandishia bei ni nani? Nimemaliza hela kwa ajili yake."

"Ni mama," Annastella akasema.

Watu walicheka mpaka Isaac akashindwa kuendelea na maparachichi. Ma Kokuhirwa hakucheka. "Wewe? Unanunua sadaka yako mwenyewe?"

"Haikuwa sadaka, mama. Ilikuwa ya watoto. Niliiweka mlangoni kwa sababu ya sisimizi."

Mama mkwe akaziba mdomo kwa kiganja. "Kumbe nimempelekea Mungu kitu cha wizi."

Judica akamnyooshea zile elfu kumi na mbili, zimeloa jasho. Ma Kokuhirwa akavikunja vidole vya Judica, akavifunga juu ya hela.

"Nauli hiyo, rudi nayo. Mwaka kesho ulete mbili."

Nyumbani kisu kilikuwa kile cha kumenyea ndizi, kipana, na Annastella alikishika kwa mikono miwili. Boksi la Felicitas lilibaki kabatini bila kufunguliwa, na Judica alifurahi, tena haikuwa furaha ya Kikristo. Maneno ya kumwambia wifi yake alikuwa ameyatunza mwaka mzima. Alikuwa anangoja tu keki iishe.

Mtoto akahesabu vichwa mara mbili. Bibi akapata cha kwanza. Kila mtu akapata, na watoto wa Felicitas wakapata vikubwa. Kipande kimoja kikabaki kwenye sahani.

"Na hiki?" Felicitas akauliza. "Hiki cha nani?"

"Cha atakayechelewa," Annastella akasema, akakifunika kwa kitambaa cheupe.

Felicitas akainamisha macho. Judica akayatafuta yale maneno yake ya mwaka mzima, hakuyapata, akatoka nje kwenye migomba kulia kidogo.