Majani Aliyoyakataa Ng'ombe

Watu wa kupima malisho walifika kwetu Kinampanda na gari kubwa, mizani na fremu ya chuma, mita moja kila upande. Mundu walisahau. Nikawapa wa marehemu mke wangu, Asnath.

Mwaka jana Manase, afisa mifugo wetu, alisimama mkutanoni akatusomea karatasi: kompyuta imeangalia picha za angani, majani yatatosha hadi Novemba, mtu asihamishe ng'ombe. Tukatii. Agosti ng'ombe wakaanza kuanguka. Asnath akawa anashuka bondeni na mundu huohuo, anarudi na mzigo wa majani kichwani, kila siku. Siku moja tulimkuta njiani, mzigo umemlalia, hapumui. Manase alikuja msibani, akala, akaondoka.

Sasa wamekuja kuangalia kama kompyuta inasema kweli. Ikifaulu, karatasi itasomwa tena.

"Shikamoo babu," mtaalamu wao, Derick, akanisalimu.

"Marahaba. Pimeni."

Akaweka fremu nyuma ya zizi langu, akakata kila kilichomo, akapima. Akatabasamu. "Hata tukiondoa uzito wa maji yaliyomo, inalingana na kompyuta."

"Si nilisema?" Manase akadakia.

Nilikwenda zizini nikamfungua ng'ombe mmoja aliyenibakia, nikamleta kwenye lile rundo.

"Mzee Stefano, huyo naye kasomea wapi?" Manase akacheka.

"Kasomea njaa. Wewe darasa hilo hukufika."

Ng'ombe akanusa. Akachagua nyasi moja moja, akapuliza pua, akageuka. Na hakuwa ameshiba, mbavu zake zilikuwa zinahesabika. Gugu lote la kijani likabaki chini.

"Huko juu angani kijani ni kijani tu," nikamwambia Derick. "Pima alichoacha."

Akapima. Akapima tena.

"Kaacha robo tatu."

"Usiandike hiyo," Manase akasema. "Fomu haina sehemu ya ng'ombe."

Derick akaandika pembeni, nje ya mistari: chakula cha ng'ombe ni robo tu, kompyuta imekosea, isitumike hapa. Akatia saini, akampa Manase naye atie. Manase akasema kalamu yake imeisha wino. Derick akamnyooshea ya kwake. Manase akatia.

Kisha Derick akanirudishia mundu kwa mikono miwili. "Pole sana, babu."

"Ungekuja mwaka jana," nikasema.

Nikaupangusa utomvu, nikauchomeka kwenye paa, pale alipokuwa akiuweka Asnath mwenyewe.