Nane Mbili na Kiti cha Aune

Kiti cha Aune kilikuwa kimebakiwa na chipu tatu za kamari. Kila mtu kwenye meza ya poka pale baa alikuwa ameziona, ingawa hakuna aliyezitaja.

Aune alikuwa mke wa Toivo Rautio. Jumapili moja ya Oktoba aliacha chipu zake pale mezani, akasema anatoka kidogo kupunga upepo, kifua kinambana. Zahanati ya pale mlimani ilikuwa imefungwa tangu kiangazi, kwa kuwa wakubwa wa mgodi walikaa kikao, wakala nyama, wakaona haina faida. Gari la wagonjwa lilipofika kutoka bondeni, Aune hakuwa na haja nalo tena. Toivo alichimba shaba chini ya mji wa Butte maisha yake yote. Shule hakwenda sana, ila alijua nani huamua na nani huzikwa.

Mwenye baa wa zamani alisema kiti kile kisikaliwe. Mwaka mpya ukaleta msimamizi mpya, Garrick Stroud, aliyewahi kukaa ofisini mgodini akipunguza watu kwa kalamu. Stroud akatoa amri: kiti hulindwa na chipu, na chipu hulipa dau la lazima kila zamu yake ikifika. Zikiisha, kiti kinakwenda kwa anayesubiri. Toivo aliomba amlipie mkewe. Akajibiwa kwamba chipu za mchezaji hazihamii kwa mwingine, sheria iko ukutani, asome. Stroud alijua fika kwamba kusoma kwa Toivo ni kwa kuokoteza.

Basi Jumapili baada ya Jumapili Verlene, mgawaji, akawa anamgawia marehemu karata mbili kifudifudi, anachukua dau lake zamu ikifika, kisha anazitupa. Chipu zikapungua kama mshumaa.

"Mzee," Verlene akasema kwa sauti ya chini, "zamu ya mama imefika." Akazisogeza chipu zote tatu zilizobaki katikati.

Stroud, aliyependa kucheza na wateja ili aonekane hana makuu, alikuwa tayari anamtazama rafiki yake aliyesubiri kaunta. Ndipo Dessie Harkin akainua kidole. Dessie alikuwa mchimbaji mwenziwe Toivo, mtu asiyejua kunyamaza hata kanisani, na msimu ule alikuwa amehama viti vitatu akifuata bahati, maana kiti kikiachwa wazi, aliye mezani huchagua kabla ya anayesubiri. Sheria za ukutani alizijua kama sala. Aliyeweka chipu yake ya mwisho, akasema, karata zake hazitupwi. Zinakaa mpaka mwisho, zinafunuliwa.

"Au hiyo tumeifuta, mkubwa?"

Stroud alitazama ukuta. Ilikuwapo.

"Haya," akasema. "Marehemu acheze."

"Omba asikukamue," Dessie akasema. "Shemeji alikuwa anakukamua hata akiwa na homa."

Toivo akainua pembe za karata zake. Nane mbili.

Aune ndiye aliyemfundisha kuzicheza. Jozi ya katikati, alikuwa akisema, si kubwa ya kutamba wala ndogo ya kudharau. Ingia nayo kwa bei rahisi, tazama karata tatu za kwanza za mezani. Nane ya tatu ikija, chapa dau. Isipokuja, na mfalme akalala pale, tupa, wala usitafute sababu. "Wewe, baba, tatizo lako unatafuta sababu."

Stroud akapandisha dau. Dessie akatupa, na wengine wakatupa. Toivo akalipa, akabaki. Wakabaki watatu: Stroud, Toivo, na yule asiyekuwapo. Aune akishinda, chipu zake zingerudi zimezaa, na kiti kingeishi. Akishindwa, basi.

Verlene akafunua mezani tatu za kwanza kati ya tano za wote: mfalme, sita, tatu.

Stroud akaweka dau bila hata kufikiri.

Tupa, Toivo alimsikia mkewe akisema. Lakini sababu ilikuwa imekwisha kuja, na ilikuwa na sura ya Stroud. Akitupa, Aune atabaki peke yake na mtu huyu, kama alivyoachwa peke yake na maamuzi yao. Akimfukuza Stroud kwa dau kubwa, watabaki mume na mke. Hapo atazitupa nane zake kimya kimya, Aune atachukua, na Jumapili ijayo kiti kitakuwapo.

Akapandisha.

Ila ule ulikuwa mchezo wa dau la kipimo. Baa ndiyo iliyokata kiasi cha kupandisha, wala huwezi kukizidisha hata uwe na hasira ya dunia nzima. Mtu hafukuzwi kwa kipimo. Anakuonyesha meno, analipa. Stroud alilipa. Wamekitunga waliokaa juu, Toivo aliwaza, mnyonge asije akawatisha hata siku moja.

Karata ya nne: malkia. Stroud aligonga meza, hakuweka kitu. Toivo akaweka. Stroud akakuna shingo, akashika karata zake kana kwamba anazitupa. Kisha akalipa.

"Mzee Rautio," akasema, "unamtetea nani?"

Toivo akapanga chipu zake. Pai yake ya nyama ilikuwa imepoa kando, mchuzi umeganda.

Karata ya tano: nane.

Ni mara ngapi aliisubiri nane ya tatu isije. Leo imekuja bila kuitwa. Akaweka dau la mwisho akiomba Stroud atupe. Stroud akalipa kama mtu anayelipia kahawa.

Aliyeweka dau ndiye hufunua kwanza. Toivo bado alikuwa na njia moja, kuzitupa nane zake bila kuzionyesha, amwachie Aune apambane na Stroud. Lakini karata za Aune zilikuwa zimelala kifudifudi, zingeweza kuwa takataka. Verlene alisubiri. Stroud akatabasamu tabasamu lile la ofisini, la siku ya kupunguza watu, na mkono wa Toivo ukafunua.

"Nane tatu," Verlene akasema.

Stroud alikuwa na mfalme na kumi. Jozi moja ya wafalme, basi. Dessie akapiga paja lake kwa furaha. Kisha Verlene akafunua za Aune.

Sita na tatu.

Dessie akanyamaza. Jozi mbili. Zilikuwa zikimshinda Stroud tangu karata tatu za kwanza, palepale sauti iliposema tupa. Aliyemng'oa Aune ni mumewe, kwa nane.

Verlene akamsukumia Toivo chipu zote, hakumtazama usoni.

"Pole, mzee," Stroud akasema, na huenda alimaanisha. Akageukia kaunta kumwita rafiki yake, kiti kimepatikana.

"Ngoja," Toivo akasema.

Akasimama, akazoa chipu zake kwa mikono miwili, akazunguka meza.

"Nahama. Huyo mpe kile changu."

Stroud akatazama ukuta: aliye mezani huchagua kwanza.

Mto alioushona Aune ulikuwa bado kitini, una vumbi. Toivo akakaa. Hakuwahi kuiona meza kutoka upande ule. Taa ilimulika moja kwa moja kiti alichokuwa akikalia yeye miaka yote. Mgeni aliyekaa pale sasa, yule rafiki wa Stroud, kila alichokunja usoni kilionekana. Kumbe Aune alikuwa akimwona yote.

"Gawa, Verlene."

Karata mbili zikaja. Nane na mbili. Mgeni akapandisha.

Toivo akatupa, wala hakutafuta sababu.