Altaneta ya Mama Mkwe

Jolene alikaa juu ya tairi bovu katikati ya uwanja wa gereji, mahali ambapo aliweza kusikika pande zote mbili. Kuliani kwake, kichwa kikiwa ndani ya boneti, alikuwepo mumewe Clifton. Kushotoni, nyuma ya tangi la maji, akiwa ameipa gereji mgongo, alikuwepo mama yake, Dulcie. Mkwe na mkwe hawakutazamana, hawakusemezana, wala hawakutajana majina. Ndivyo heshima ilivyotaka, na Jolene hakuwahi kuona uzito wake mpaka gari la mama lilipohitaji fundi, na fundi wa kijiji kizima akawa Clifton peke yake.

"Mwambie mumeo," Dulcie alisema kwa sauti ambayo hata mbwa wa upande wa pili waliisikia, "friji ya garini nataka iwe baridi. Siyo vuguvugu. Baridi."

"Amesikia, mama."

"Atasikiaje na mimi sijasema naye? Mwambie."

Jolene akageuza shingo. "Friji iwe baridi."

"Mwambie mama itakuwa baridi," Clifton akajibu taratibu, macho kwenye nyaya.

"Na taa za juu. Na feni ya kunipepea. Na birika la umeme."

"Birika la nini, mama? Si utakuwa na kuni?"

"Kuni ni mambo ya wazee," alisema Dulcie, ambaye alikuwa na miaka sitini na minane.

Jolene alizoea kuyalainisha maneno yakiwa njiani. "Anaomba na feni pia, kama haitakusumbua."

"Nimesikia birika," Clifton alinong'ona.

"Umesikia feni."

Birika lilikuwa utani, lakini friji haikuwa na utani hata kidogo. Dulcie alikuwa na ugonjwa wa sukari, na sindano zake za insulini zilitaka ubaridi usiku na mchana. Kwa sababu ya sindano hizo alikuwa hajafika kwenye kisima cha baba yake, mwendo wa siku mbili mchangani, kwa miaka sita. Sasa ndugu walikuwa wanakwenda huko kukaa wiki tatu, nao walikuwa wanaondoka Alhamisi ijayo. Sista Moira wa zahanati alimpa Dulcie kipimajoto kinachokumbuka joto la juu kabisa lililofikiwa, akasema, "Kiweke ndani ya friji siku mbili, uende unakokwendaga. Kikipita nyuzi nane, siruhusu safari."

Clifton alifanya kazi kama mtu anayejenga nyumba yake mwenyewe. Altaneta, kile kifaa kinachozungushwa na injini kizalishe umeme, ilikuwa ndogo ya kutosha taa na honi tu; aliitoa akafunga kubwa yenye nguvu mara mbili. Akavuta waya mnene kama kidole gumba. Betri ya pili akaiweka upande wa pili wa injini, na kati ya betri mbili akatia swichi inayojikata yenyewe, ili friji ikimaliza umeme wake isiibe ule wa kuwashia gari. Kisha akaliendesha peke yake hadi barabara kuu na kurudi, vumbi likimfuata nyuma. Friji ikasoma nyuzi nne. Akamkabidhi Jolene ufunguo, Jolene akampelekea mama.

Dulcie na mdogo wake, Rubina, wakaenda kuwinda kenge. Ijumaa wakarudi. Kipimajoto kikasoma nyuzi kumi na tisa.

"Mwambie mumeo," sauti ikatoka nyuma ya tangi, "ametengeneza tanuri zuri sana. Kenge wangeiva humo bila kuni."

"Mama anasema kuna joto kidogo," Jolene alisema.

"Nimesikia tanuri."

Sista Moira aliwapa nafasi moja zaidi: kipimajoto kirudi Jumatano. Clifton alishinda Jumamosi nzima akipima. Altaneta nzima, betri nzima, waya mzima, hata fyuzi.

"Ningemharibia mtu mwingine yeyote gari, angenitukana tukamaliza," alimwambia mkewe. "Yeye hawezi kunitukana, na mimi siwezi kumwomba radhi. Nitakaa na aibu hii mpaka lini?"

"Kukutukana anaweza. Ni mimi tu ninayeyazuia huku katikati."

Clifton hakucheka. "Walikwenda wapi?"

"Kule kwenye vichuguu."

"Kilomita ngapi?"

"Sasa nani anahesabu?"

Jumapili asubuhi wakaenda wenyewe kwa miguu, kufuata alama za magurudumu. Mchanga haukuwa umeguswa na upepo. Clifton alitembea ameinama, mikono nyuma. Baada ya muda akasimama. Akarudi hatua kumi, akaja tena. Kisha akachuchumaa.

"Jolene. Huu ni mguu wa nani?"

"Wa mama mdogo Rubina. Si unaona kisigino kinavyoburuta?"

"Alikuwa anatembea mbele ya gari?"

"Ndiyo, anatafuta alama za kenge."

"Na gari likamfuata. Tazama, tairi limekanyaga unyayo wake. Hapa tena. Na hapa. Hata mchanga haukuruka nyuma." Alinyoosha kidole mbele, ambako unyayo na tairi viliendelea hivyo hivyo mpaka kwenye vichuguu. Kando ya kila shimo lililochimbwa palikuwa na doa jeusi la moshi mchangani, mahali ambapo injini iliachwa ikinguruma yenyewe wanawake wakichimba.

Clifton akaketi mchangani, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akakumbuka ni nani anayemcheka, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Simcheki mama," alisema kati ya vidole. "Naicheka altaneta. Inazungushwa pole namna hii, itoe umeme gani? Kidogo inachotoa, friji na feni zinakila palepale. Betri haikushiba hata siku moja. Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini?"

"Kwamba mama anaendesha hivi."

"Kwani watu huendeshaje wakiwinda?"

"Mimi huenda mbio hadi mahali, nikashuka."

"Ndiyo maana hurudi mikono mitupu."

Jolene aliona jambo limekwisha. "Basi nitamwambia aongeze mwendo kidogo."

"Thubutu!" Clifton aliruka kama aliyekalia siafu. "Mimi nimpelekee neno kwamba hajui kuendesha?"

"Nitalisema kama langu."

"Atajua limetoka wapi. Hapana. Mama asibadilishe kitu. Gari ndilo litakalobadilika."

Jumatatu alichokonoa magari mabovu nyuma ya gereji mpaka akapata puli ndogo, kile kigurudumu kinachopitishiwa mkanda wa injini, akaifunga kwenye altaneta na kuitafutia mkanda mfupi zaidi. Kwa puli ndogo, altaneta ingezunguka haraka hata injini ikisinzia. Ila safari hii alitaka kujaribu kwa mwendo wenyewe. Akamweka Jolene mbele ya gari atembee, naye akamfuata kwa gia ya kwanza, wakavuka kijiji kizima kuanzia dukani hadi uwanja wa mpira.

Watu wakatoka vibarazani.

"Clifton! Unamzika nani?"

"Jolene, umemfunga kamba?"

"Shuka basi tukusukume, tufike kabla ya Krismasi!"

Clifton, aliyejulikana kwa mbio kuliko fundi yeyote wa njia ile, hakuweza kujitetea. Kusema anaiga mwendo wa nani kungekuwa makosa makubwa kuliko kuchekwa. Akatazama mbele tu, masikio yakimwaka, huku mshale wa kipimo cha umeme ukipanda taratibu na kubaki juu.

Dulcie akachukua gari siku ile ile jioni. Jumatano akasimama mlangoni mwa zahanati, na Jolene kando yake, Sista Moira akikigeuza kipimajoto kwenye mwanga wa dirisha.

"Sita," alisema Sista Moira. "Haikupita sita." Akafungua kabati na kuanza kuhesabu sindano za wiki tatu.

Kutoka hapo Dulcie akaenda moja kwa moja hadi gereji. Akapita nyuma ya tangi, akakaa. Jolene akangoja. Nyundo ya Clifton nayo ikanyamaza.

"Mwambie mumeo," Dulcie alianza. "Mwambie leo sina la kumwambia."

Jolene akageuza shingo. Kwa mara ya kwanza aliona hakuna cha kulainisha. "Anasema leo hana la kukuambia."

Clifton akainama juu ya kitambaa chake cha kufutia mikono, akafuta kidole kimoja kimoja hadi cha tano, kisha akarudia kile cha kwanza.

Alhamisi magari ya ndugu yalitangulia, moja baada ya jingine, vumbi likatulia. La Dulcie likatoka la mwisho. Clifton na Jolene walikuwa kando ya njia na vikombe vya chai. Alipolisikia linakuja, Clifton akageuka haraka, akaipa njia mgongo kama ilivyompasa, akautazama ukuta wa duka.

Akanywa chai nusu kikombe.

"Wamepita?"

"Bado."

Akaimaliza. Akahesabu matofali ya safu ya chini, akapanda ya pili.

"Jolene, wamepita?"

"Ndiyo kwanza wamefika usawa wako," alisema Jolene, akimpungia mama yake mkono. "Mama mdogo ameshashuka, anatembea. Amelitangulia gari, ameshakupita."