Mwanachama Hai

Jumatatu asubuhi Funguo aliketi katika ofisi ya chama cha washonaji, akasukuma kando bobini na vipande vya chaki vilivyojaa mezani, akaanza kuufundisha mfumo wa zahanati kuacha maswali. Chama kilikuwa na mfumo wa uanachama, mfumo wa zahanati, wa duka la vitambaa na wa ukumbi, na kila mmoja ulidai nywila yake kama mawifi wanne wanaotaka kila mmoja aamkiwe peke yake. Washonaji walikuwa wakiandika nywila zao kwa chaki kwenye meza za kukatia. Mtu akikung'uta kitambaa, nywila imekwenda, na yeye anabaki nje ya duka akigombana na simu. Ndipo wakamwajiri binti wa mwenzao aliyesomea kompyuta, na hilo jina la Funguo walimpa wao, kwa kuwa aliwaahidi ufunguo mmoja wa milango yote.

Kwenye kikao aliwaeleza bila kuwazungusha.

"Ukiingia mara moja kwenye mfumo wa uanachama, umeingia kote. Zahanati haitakuuliza wewe ni nani. Itauuliza mfumo wa uanachama: huyu ni mwanachama hai? Mfumo huo ukisema ndiyo, mlango unafunguka."

"Na ukisema siyo?" aliuliza mwenyekiti, fundi wa suti za harusi, mtu wa kunyoosha kola yake hata ikiwa imenyooka.

"Basi huyo hayupo."

Walipiga makofi. Mwanachama hai, kwa katiba ya chama, ni yule ambaye ada yake haijakatika. Habari za kupumua katiba haikuzigusa kabisa.

Kazi ilikwenda vizuri, na Funguo alijua imekwenda vizuri. Si mtu wa kujishusha huyu. Jumatano alibonyeza kitufe cha mwisho, akajinyoosha, akajiambia kwa sauti kwamba mama yake amezaa.

Alhamisi mama huyo alikwenda zahanati kuchukua dawa yake ya macho. Presha ya macho ilikuwa imemshika, na daktari alimwambia wazi: ukiacha hayo matone, utapofuka. Alikaa kwenye benchi. Nesi akachungulia, akaita, "Anayefuata!" Mama akasimama. Nesi akatazama benchi, akaona benchi, akarudi ndani.

"Mwanangu, mimi hapa," alisema mama.

Nesi akafunga dirisha, akidhani ni upepo.

Mama akampigia bintiye. "Hebu njoo. Huyu nesi wako leo macho yake yananipita kama mimi ni kioo."

Funguo alikuja na kompyuta yake, akaketi benchini, akatafuta. Hakukuwa na kosa popote. Zamani zahanati ilikuwa na majina yake yenyewe, na nesi alikuwa amemwandika mama kwa sababu alimwona amekaa pale anaumwa, basi. Sasa zahanati ilikuwa inasikiliza mfumo wa uanachama, na mfumo wa uanachama ulifuata katiba: nyumba moja, mwanachama mmoja, na huyo mmoja ni mwenye nyumba. Mama alishona miaka yote, mgongo kwa mgongo na mumewe, yeye akishona na mume akikata, lakini kadi ilikuwa ya mume. Mume alikufa mwaka juzi. Ada mama aliendelea kuilipa, kwa jina la marehemu, maana jina lingine halikupokelewa.

"Mama, mfumo haukujui," alisema Funguo, na moyo ukamuuma kweli.

"Haunijui kwa lipi, na aliyeuunganisha nimemzaa mimi?"

Kabla hajajibu, mlango wa zahanati ulifunguka na baba yake akaingia. Alivaa lile shati la mistari ambalo mama alikuwa ameshaligawa baada ya matanga, na viatu vyake vilikuwa na udongo mbichi. Alikuwa mwanachama hai, na hali yake ilionekana hivyo katika mifumo yote minne.

"Karibu mzee, umepotea!" alisema nesi.

"Nilikuwa mbali kidogo."

Nesi akamfunga kipimo cha presha mkononi, akasubiri, hakupata kitu, akaandika kwamba presha haijapanda. Mama alimkagua mumewe kuanzia juu hadi chini.

"Umekonda."

"Kule hakuna wa kupika," alisema baba. Kisha akamgeukia nesi, akamwonyesha mkewe. "Nimekuja na mtegemezi wangu. Ana shida ya macho."

Neno hilo lilipotamkwa, nesi alimwona mama. "Ala! Kumbe upo, mama? Pole, sikukuona." Akampa chupa ya matone.

Wiki iliyofuata wakaja wengine. Marehemu waliokuwa wakilipiwa ada na wajane wao walionekana dukani wakichagua vitambaa, na ukumbini wakiwa wamekaa mstari wa nyuma, kimya, mikono mapajani. Mlinzi alikuwa na lalamiko moja tu, kwamba hawafuti viatu.

Funguo alikuwa na uwezo wa kuyamaliza yote kwa kidole kimoja. Alifungua jina la baba yake, akaweka mshale kwenye neno "hai", na chini yake lilikuwepo neno jingine, "marehemu", linasubiri. Lilikuwa neno la kweli. Lakini kadi ikifungwa, matone nayo yamekatika, na mama anapofuka kwa mkono wa mwanawe. Akaondoa kidole, akaenda kwa mwenyekiti.

"Mzee, waandikeni wanawake kwa majina yao. Wanashona, wanalipa, wanaumwa. Mnataka nini zaidi?"

"Mfumo wako hauna kosa, mwanangu," alisema mwenyekiti akinyoosha kola. "Tangu umeuunganisha sijapokea lalamiko hata moja."

"Wenye malalamiko hawaonekani!"

"Ndicho ninachokwambia. Lakini lete hoja kwenye mkutano mkuu. Chama ni cha wanachama."

Aliileta. Na kwanza alizunguka, cherehani moja baada ya nyingine, akawasema mafundi mpaka wakaona aibu. Wengi waliokuwa wakipumua walimkubalia. Siku ya mkutano aliingia ukumbini akitembea kama mtu aliyekwisha kushinda.

Mwenyekiti akasoma hoja. Wanaokubali wakanyoosha mikono, na ilikuwa mingi, yenye vidole vilivyotobolewa na sindano. Mama, aliyekaa kando ya mumewe ili aonekane, akatabasamu.

"Wanaokataa?"

Mbele ilinyooshwa michache. Kisha mstari wa nyuma wote ukanyoosha, mikono iliyopauka, bila haraka, na katikati yao mkono wa baba. Mwenyekiti alihesabu kwa adabu. Mfumo wa ukumbi ukauuliza mfumo wa uanachama kama wale ni wanachama hai, ukajibiwa ndiyo, na hoja ikaanguka.

Funguo alimkuta baba yake uani, mama akiwa amekaa pembeni yake kwenye kiti.

"Baba, kwa nini? Mama yangu! Miaka yote kakushonea!"

Baba alifikiri. Hakuwa mtu mbaya, na hakuwa na haraka tena.

"Akiingia mwenyewe," alisema, "mimi nitaitwa na nani?"

Funguo alitaka kusema mengi, akamtazama mama, akitegemea hasira zije kutoka upande ule. Mama alikuwa anafungua chupa.

"Mwache baba yako," alisema. "Saa ya dawa imefika, na mkono wangu unatetemeka."

Akampa mumewe chupa, akainua uso, akafumbua macho makubwa, akasubiri tone lidondoke.